Barua Mama

3 Oktoba 1983, Jumatatu

Sukari hakuna tena. Shangazi Candida kapanga foleni duka la ushirika tangu alfajiri, karudi na kibiriti kimoja, eti ndicho kilichobaki. Kwa hiyo leo hakuna vitumbua, ni mihogo ya kukaanga, na wateja wake wa Mtaa wa Sikukuu wananuna kana kwamba yeye ndiye aliyeificha hiyo sukari. Nimewakasirikia wote. Yeye wala. "Tutaona," akasema, kama anavyosema kwa kila jambo, na hilo neno linanichosha kuliko njaa yenyewe.

Naandika kwa sababu nikisema ofisini nitaitwa mkorofi, na nikisema nyumbani nitaambiwa tutaona.

Ofisini, huko Posta, kuna kazi mpya. Mimi ni mtoboa kadi. Mtu akijaza fomu kwa kalamu, naigeuza kuwa matundu kwenye kadi ngumu, na kompyuta iliyo chumba cha baridi inasoma matundu hayo. Leo mkuu wetu, Ndugu Ignasi, ametukusanya kutuonyesha alichokitengeneza mwaka mzima. Anakiita barua mama. Ni barua moja iliyomo ndani ya mashine, ina mapengo: jina pengo, mtaa pengo, mwajiri pengo. Mashine inapewa kadi ya mtu, inajaza mapengo, inachapa, inameza kadi nyingine. Barua elfu kabla ya chai ya saa nne. Mwenye kazi atapata barua ya kumtambulisha, mgambo wasimsumbue njiani kwenye hii operesheni ya kukamata wazururaji. Asiye na kazi atapata yake. Hiyo yake inasemaje, hakusema, nasi hatukuuliza.

Tulimpigia makofi kwa moyo wote, mimi na Mektilda wa mashine ya pembeni yangu. Ndugu Ignasi amesoma nje, lakini anatusalimia sisi watoboaji kwa majina yetu.

4 Oktoba

Augustino, fundi viatu anayekaa na Shangazi pale barazani, kaanza kugonga katambuga za matairi saa kumi na mbili asubuhi, huku anaimba nyimbo za misa kwa sauti ya pua. Nitamrushia kitu.

10 Oktoba, Jumatatu

Fomu za wakazi zimefika, magunia kwa magunia. Zimejazwa na mabalozi wa nyumba kumi, kila balozi na mwandiko wake.

Kisanduku cha mwajiri kinataka namba. Bandari ina namba yake, reli yake, viwanda vya nguo vyao. Sasa nafika kwenye fomu za mitaa yetu na nakuta mabalozi wameandika neno moja, fomu baada ya fomu: Kujitegemea. Muuza mihogo, Kujitegemea. Fundi cherehani, Kujitegemea. Msusi, Kujitegemea. Hata ya Shangazi, na hiyo naijua imejazwa na nani. Balozi wetu ni Mzee Sheikhan, mwenye duka la vitambaa pale kona. Neno hilo kaliandika kwa herufi kubwa na kulipigia mstari. Kwake ni sifa. Limepakwa rangi kwenye kila ukuta wa shule na limeimbwa mikutanoni Mnazi Mmoja tangu niko darasa la kwanza, na yeye aliona anawaandikia majirani zake cheo.

Nikampelekea Ndugu Ignasi. "Hili halina namba kwenye orodha."

"Kisicho na namba, acha wazi," akasema bila kuinua kichwa.

Nimeacha wazi siku nzima.

11 Oktoba

Nimeacha wazi.

19 Oktoba

Mvua ya kwanza ya vuli. Kariakoo yote ni tope, na choo cha nyumba kimefurika. Mwenye nyumba anasema ni kudra ya Mungu. Kodi haijawahi kuwa kudra ya Mungu hata siku moja.

27 Oktoba, Alhamisi

Naandika kwa hasira, nijisamehe mwenyewe mwandiko huu.

Jioni Mzee Sheikhan kaja na barua za nyumba yetu, kafurahi, kavaa kofia yake ya Ijumaa na leo ni Alhamisi. Kampa Shangazi yake, kampa Augustino yake. Augustino hajui kusoma vizuri, akanipa mimi nisome ya kwake kwa sauti. Naiandika hapa kama ilivyo:

"Ndugu AUGUSTINO MKALIMA. Kwa kuwa imethibitika huna kazi inayojulikana, unaamriwa kuondoka Dar es Salaam na kurejea kijijini kwako MASASI kabla ya tarehe 15 Novemba 1983. Ukifika utajitambulisha kwa Mwenyekiti wa Kijiji, ambaye ataweka sahihi hapa chini kwamba UMEFIKA."

Nilidhani nimesoma vibaya. Nikarudia. Augustino alikuwa na nyundo mkononi na kiatu cha mtu kwenye magoti. "Huna kazi?" akauliza. "Sasa hiki nilichoshika ni nini?"

Hapo nikaelewa. Kisanduku kikiwa wazi, mashine inaruka aya ya kwanza, ya wenye kazi, inachapa ya pili. Wale wote niliowaacha wazi. Nilimgeukia Mzee Sheikhan nikamwambia maneno ambayo binti hamwambii mzee: kwamba amewauza majirani zake kwa neno la ukutani, kwamba angeandika hata jina la duka lake watu hawa wangekuwa salama. Alisimama tu na ile kofia yake. "Mimi niliandika ukweli, Benedikta," akasema. Nikamwambia ukweli wake akaukaange. Shangazi akaniamuru niingie ndani.

Nilipotoka, Shangazi alikuwa amekaa na barua yake chini ya koroboi, anacheka kimya kimya. Nikamnyang'anya. "Ndugu CANDIDA NANGUMBA… unaamriwa kuondoka Dar es Salaam na kurejea kijijini kwako KARIAKOO."

Mashine inachukua mahali pa kuzaliwa na kupabandika kwenye pengo la kijiji. Babu alikuja mjini kubeba magunia bandarini zamani za Mwingereza. Mimi nilizaliwa Ndanda, baada ya baba kurudi kulima, nikaletwa kwa Shangazi nikiwa na miaka saba. Lakini Shangazi alizaliwa hapa hapa, chumba cha tatu kushoto. Hakuna kijiji kingine anachokijua.

"Unacheka nini?" nikamuuliza. "Wanakufukuza."

"Wananifukuza niende wapi, mwanangu? Tutaona."

28 Oktoba, Ijumaa

Nimeenda kwa Ndugu Ignasi na barua zote mbili. Nilidhani ataziona, atashtuka, atarekebisha kabla ya chai. Kweli nilidhani hivyo.

Alizisoma kama mtu anayesoma bei ya samaki. Nikamweleza: hawa wana kazi, hawana mwajiri, ni vitu viwili. Toa namba moja tu kwa ajili ya Kujitegemea, mashine itawachapia aya ya kwanza.

"Orodha ya namba imeshapitishwa na wakubwa," akasema. "Nikiongeza namba, nitaulizwa kwa nini haikuwepo."

"Lakini Shangazi yangu unamjua. Umekula vitumbua vyake. Mektilda alikuletea."

"Benedikta, mashine haisomi nyuso. Inasoma kadi."

Alisema kwa upole, kama anayefundisha. Ingekuwa heri angenifokea. Mwaka mzima nimekuwa nikimsifia mtu huyu pale barazani, kwamba tunao wasomi wenye utu. Naona aibu ya maneno yangu mwenyewe.

2 Novemba

Mvua. Augustino hajaondoka. Anasema ana viatu vya watu, hawezi kuondoka na viatu vya watu.

6 Novemba, Jumapili

Shangazi kaipeleka barua yake dukani kwa Mzee Sheikhan. Kamwambia, "Mzee, mimi nimerejea kijijini. Mwenyekiti wa hapa ni nani?" Mzee akafikiri kidogo, akasema kwa hizi nyumba kumi mwenyekiti ni yeye. Akaweka sahihi palipoandikwa UMEFIKA, na kwa usalama zaidi akagonga na mhuri wa duka la vitambaa.

Sikutaka kucheka kwa sababu bado sijamsamehe. Nikacheka.

16 Novemba, Jumatano

Leo sikuenda kazini. Nitasema nilikuwa na homa.

Walikuja saa mbili asubuhi, mvua inanyesha, lori limesimama Msimbazi na mgambo wanaingia mtaa kwa mtaa. Kwetu walikuja watatu. Mkubwa wao ni mrefu, ana koti la mvua la kijani. Akasimama mbele ya kikaango cha Shangazi. "Barua."

Shangazi akaifuta mikono, akampa. Mgambo akasoma, akarudi juu, akasoma tena. "Hii inasema urejee Kariakoo."

"Ndiyo, baba. Mimi mtu wa kutii serikali. Nimeambiwa nirejee Kariakoo, nimerejea. Sahihi ya mwenyekiti hiyo hapo. Hapa uliposimama ndipo kijijini kwangu, karibu muhogo."

Watu wa barazani wakaanza kucheka. Yule mrefu hakujua afanye nini na uso wake. Akairudisha barua, na nafikiri ile aibu ndiyo aliyoihamishia kwa Augustino. Hakumwacha hata atoe sindano kwenye kiatu. Walimwinua kwa mabega, mzee wa miaka hamsini na ushei, mmoja wao ameshika katambuga iliyomvuka mguuni. Augustino akawa anasema, "Sanduku langu, jamani, zana zangu," na yule mrefu akalibeba sanduku kwapani, nyundo na koleo na shazia zote zikigongana ndani. Niliwafuata hadi lorini. Augustino akapandishwa. Sanduku halikupandishwa. Mrefu aliondoka nalo chini ya koti lake la mvua, anatembea taratibu kuelekea Mnazi Mmoja.

Nilipiga kelele hadi sauti ikakauka. Mgambo mwingine akaniuliza barua yangu, nikamwonyesha: nina mwajiri, nina namba. Mashine inanitambua mimi, niliyekaa kwenye kiti kuwatoboa wenzangu. Nilitamani kuichana mbele yake.

Jioni Shangazi kaweka kigoda cha Augustino mahali pake pale pale, na ndoo juu yake, mtu asikae. Nimemuuliza hana hata tusi moja la kuwatukana? Kanambia nile.

17 Novemba

Kumbe asubuhi bila ile nyundo siamki. Nimechelewa kazini.

18 Novemba, Ijumaa

Malalamiko yamefika ofisini. Si ya akina Augustino, hao hawana wa kulalamika kwake. Ni kwamba mgambo wanakutana na watu wengi waliozaliwa mjini, na barua zao zinawaamuru watoke Dar es Salaam waende Dar es Salaam. Wakubwa wamechekwa, na wakubwa hawapendi kuchekwa.

Ndugu Ignasi kafanya marekebisho. Wiki tatu kabla alikuwa hawezi kugusa chochote, leo kagusa kabla ya mchana. Sasa pengo la kijiji litajazwa mahali alipozaliwa baba wa mtu. Barua mpya zitachapwa kwa wote walioachwa wazi, na mstari juu yake: Barua hii inafuta ile ya kwanza.

Baba wa Shangazi alizaliwa Ndanda. Shangazi hajawahi kufika Ndanda.

21 Novemba, Jumatatu

Mvua ya usiku imepenya dari la bohari na kasha la kadi za mitaa yetu limelowa. Kadi zimevimba, mashine inazikataa. Itabidi zitobolewe upya zote, kutoka kwenye fomu. Ndugu Ignasi akauliza nani anaijua miandiko ya mabalozi wa Kariakoo. Mektilda akanisonta kwa kidole.

23 Novemba

Nimetoboa kadi za mitaa miwili kama fomu zinavyosema. Baba: Ndanda. Baba: Kilwa. Baba: Tunduru. Baba: Lindi. Kila nikipiga jina naona lori.

24 Novemba, Alhamisi

Nimefikiria kuwapa namba. Namba ya bandari, namba ya reli, yoyote. Haifai: namba zinalinganishwa na orodha za mishahara, zingerudi wiki hiyo hiyo na watu wangeshtakiwa kwa kudanganya. Lakini mahali pa kuzaliwa hapalinganishwi na chochote. Nani atalinganisha? Hakuna mtu huko juu aliyewahi kutaka kujua baba yake muuza mihogo alizaliwa wapi.

Leo asubuhi niliichukua fomu ya Shangazi. Kisanduku cha baba. Nikapiga K.

Nikamaliza. Nikaichukua iliyofuata, ya msusi wa nyumba ya jirani, nikapiga KARIAKOO. Nikazirudia na zile za jana. Nilipofika kwa Augustino, ambaye tayari yuko Masasi kama yuko hai, nilipiga herufi kwa nguvu hadi Mektilda akageuka. Alikuja nyuma yangu, akasoma kadi kwenye mwanga wa dirisha kama tunavyofanya tukitafuta makosa. Kisha akanisogezea chai yake na kurudi kwenye mashine yake.

Sijui kama naogopa. Najua kwamba kwa mara ya kwanza tangu Oktoba nimetoka kazini bila kutaka kumpiga mtu.

28 Novemba

KARIAKOO. Vidole vinauma.

6 Desemba, Jumanne

Zimechapwa, zimekunjwa, zimegawiwa. Jioni Mzee Sheikhan kapita nyumba zake kumi. Alipofika kwetu alikuwa hana kofia na anahema. "Benedikta, wote," akasema. "Mtaa mzima wameamriwa warejee Kariakoo." Akanitazama sana. Mimi nilikuwa namenya mihogo. Akasema basi yeye anaenda kuweka sahihi, na kalamu imkaukie mkononi.

Mkononi alibaki na barua moja. Ya Augustino.

8 Desemba, Alhamisi

Ndugu Ignasi kaniita, mlango kafunga. Mezani nakala, rundo refu.

"Kata nzima," akasema. "Mmakonde, Mmwera, Mngoni, Mwarabu. Baba zao wote wamezaliwa Kariakoo?"

"Ndivyo kadi zinavyosema, Ndugu Ignasi. Mashine haisomi nyuso."

Nilidhani ataita polisi. Ila alikuwa na hesabu yake, na niliiona inapita usoni: akichapa barua ya tatu, wakubwa watauliza ya pili ilikuwa na nini, na ya kwanza. Akazichukua nakala akazifungia kabatini.

Kisha akatoa karatasi ya stensili, "Ndugu …… umeachishwa kazi kwa sababu ya ……", akajaza mapengo kwa mkono wake. Jina langu. Uzembe. Miaka mitano sijawahi kukosea herufi, na nimefukuzwa kwa uzembe. Nilimwambia aya hiyo nayo imekosewa, aandike makusudi. Hakuandika.

9 Desemba

Sikukuu ya Uhuru. Nimelala.

12 Desemba, Jumatatu

Mzee Sheikhan kaja na fomu mpya, kwa kuwa hali yangu imebadilika na yeye ni balozi. Kakaa kwenye benchi, kavaa miwani. Jina. Mtaa. Kafika kwenye mwajiri, kalamu ikasimama, na akaniangalia kama mwanafunzi.

"Niandike nini, binti yangu?"

Nikamwambia aandike kama alivyoandika mwanzo, na mstari chini. Nikamwomba radhi kwa yale ya Oktoba. Akasema ameshasahau, jambo ambalo si kweli, na akapiga mstari.

Barua ya Augustino ameshaishughulikia. Mkwe wake, Salem, anaendesha lori la chumvi hadi Masasi. Barua imo mfukoni mwake, na Salem kaapa ataifikisha mkononi kwa mwenyewe, si kwa mwenyekiti.

20 Desemba

Barabara ya kusini imekatika Rufiji. Malori yamelala ng'ambo hii. Mvua hii na mimi hatuongei.

25 Desemba

Misa. Kigoda bado kina ndoo.

2 Januari 1984

Salem kavuka. Zaidi ya hapo hakuna anayejua.

7 Januari, Jumamosi

Sukari imepatikana kidogo. Shangazi anakaanga vitumbua, mimi nakuna nazi na kufunga kwenye magazeti, na nimegundua kwamba wateja wakinuna nina uwezo wa kuwanyima.

Saa nne hivi mtu kaingia mtaani kutoka upande wa Msimbazi. Kakonda, suruali tope hadi magotini, chumvi nyeupe kwenye nywele na begani. Sikumtambua mpaka nilipoona katambuga. Kabla hajafika kwetu yule mgambo mrefu akatokea kwenye kona, maana wanyonge anawanusa kutoka mbali. "Wewe. Barua."

Augustino akaitoa ndani ya mfuko wa plastiki, kavu kabisa. Mrefu akasoma. Niliona midomo yake inasoma neno lile. Akainua macho, akamwona Shangazi na kikaango chake, akakumbuka. Akairudisha barua, akaendelea na njia yake.

Augustino kaja barazani, kaondoa ndoo, kaketi kwenye kigoda chake. "Shikamoo, mama Candida," akasema, ingawa wanalingana umri, ni utani wao wa miaka. "Nimerejea kijijini." Sisi sote tukacheka. Mzee Sheikhan alikuwa ameshatoka dukani na kalamu.

Kisha mteja mmoja akavua kiatu chake kilichoachama akamwekea magotini, kwa mazoea tu. Augustino akakishika. Mkono wake wa kulia ukaenda chini pembeni, pale sanduku lilipokuwa likikaa siku zote, ukapapasa saruji tupu. Akaurudisha mkono juu ya kiatu, akatabasamu kwa aibu.

Shangazi aliona. Nilikuwa namwangalia yeye, nangoja lile neno lake.

Hakulisema. Aliinuka, licha ya mguu wake unaomsumbua siku zote, upawa wa mafuta mkononi, akashuka barazani kwenye tope. "Wewe mrefu!" akapaza sauti ambayo sijawahi kuisikia katika miaka kumi na saba ya kuishi naye. "Wewe mwenye koti! Sanduku la fundi liko wapi?" Mgambo akageuka, akamwona, akaongeza hatua. Shangazi naye akaongeza. Watu wakaanza kutoka milangoni, msusi na kitana chake, fundi cherehani na futi shingoni, Mzee Sheikhan na kalamu, wote wenye barua zao, na mimi nikaitupa mbuzi ya nazi nikawafuata kuelekea Mnazi Mmoja.

Vitumbua vikaungua.